Mwalimu wa Chuo Anapata Pesa Ngapi? Tuhesabu Pamoja Kabla ya Kumlaumu



Tukitembelea vikundi vyenu huko mashambani tunasikia neno hili mara nyingi: "Sisi tuna mtoto wetu Nairobi, anafundisha chuo. Huyo hawezi kukosa." Neno hilo husemwa kwa furaha. Kijiji kina haki ya kumfurahia mtoto kiliyemsomesha kwa harambee. Lakini tumeona pia kwamba neno hilo likitumiwa badala ya hesabu, linaweza kuleta hasara na kuvunja undugu. Mara hii tunataka tufungue jambo la mshahara wa mwalimu wa chuo na gharama ya maisha ya jiji, ili kikundi kijue kinategemea nini.

Mashine ya kusaga iliyokwama

Kikundi kimoja cha akina mama na wazee kutoka magharibi ya Kenya kilipanga kununua mashine ya kusaga mahindi. Walikuwa wanachama 22. Waliweka akiba yao kidogo kidogo, halafu wakamwandikia mtoto wao anayefundisha somo la uchumi katika vyuo viwili hapa Nairobi. Naye akajibu kwa simu, "Nitaleta elfu ishirini." Kikundi kikaandika zile 20,000 kitabuni kama pesa zilizokwisha kuingia. Kisha wakapeleka amana ya shilingi 15,000 kwa muuzaji wa mashine, wakakubaliana kumaliza deni kwa miezi mitatu.

Miezi mitatu ikapita na pesa za mwalimu hazikuja. Simu akawa hashiki. Muuzaji akauzia mtu mwingine ile mashine, na amana akakataa kuirudisha. Kijijini watu wakaanza kusema kwamba mwalimu ameoa mke wa pili, ati anajenga jiji, ati amewasahau.

Mama mwenyekiti akapanda basi akaja Nairobi kumtafuta. Alidhani ataonyeshwa nyumba ya ghorofa yenye lango. Akaelekezwa kupanda gari la 46 hadi Kawangware, akashuka stejini 56, na kijana akampeleka kwenye ploti ya mabati. Alimkuta mwalimu, mke wake na watoto wawili katika chumba kimoja, kitanda kimetengwa kwa pazia, na rundo la mitihani ya wanafunzi juu ya meza ya kulia.

Siku ya pili walikuja ofisini kwetu wote watatu, mwalimu, mkewe na mama mwenyekiti. Mama alianza kwa kusema, "Mwanangu, ungetuambia tu." Mwalimu akajibu, "Mama, niliona haya. Mlinisomesha ninyi." Basi tukachukua ubao, tukahesabu pamoja. Kwa ruhusa yao tunawaletea hesabu ile.

Mwalimu wa saa

Jambo la kwanza ambalo kikundi hakikujua ni kwamba huyu mwalimu hakuajiriwa kwa mwezi. Ni mwalimu wa saa. Chuo kinampa somo moja au mawili kwa muhula, kinamlipa kwa saa alizofundisha, na muhula ukiisha kazi imekwisha mpaka aitwe tena. Hana likizo ya malipo, wala marupurupu ya nyumba. Akiugua, saa zile hazilipwi.

Alikuwa anafundisha masomo matatu. Kila somo lina saa 45 kwa muhula, na analipwa shilingi 1,200 kwa saa. Somo moja ni shilingi 54,000, na masomo matatu ni shilingi 162,000. Hizi ndizo pesa ambazo kijiji kilisikia habari zake. Mtu akisikia laki moja na elfu sitini na mbili, anaona bahari.

Lakini hebu tugawanye. Mihula ni miwili kwa mwaka. Kwa hivyo mwaka mzima, akipata masomo matatu kila muhula, ni shilingi 324,000. Gawanya kwa miezi 12, kwa sababu tumbo halina likizo. Ni shilingi 27,000 kwa mwezi, na hapo hatujatoa kodi ya serikali.

Sasa tazameni matumizi ya mwezi mmoja ya jamaa hii ya watu wanne, vile walivyotuandikia wenyewe:

Kodi ya nyumba, 6,500.
Chakula, 12,000.
Nauli ya kwenda vyuo viwili, siku 22, 4,400.
Maji, stima na moto wa kupikia, 3,100.
Shule ya watoto wawili, 4,500.
Simu na bando za kutuma alama na maelezo ya masomo, 1,000.
Dawa na dharura, 1,500.

Jumla ni shilingi 33,000. Mapato ya mwalimu ni 27,000. Upungufu ni 6,000. Mke wake anauza mboga karibu na soko la Kawangware na huleta nyumbani kama 7,000 kwa mwezi. Mkiweka hizo, jamaa inabaki na shilingi 1,000. Yaani ile ahadi ya 20,000 ilikuwa ni akiba yao ya miezi 20, tena bila mtoto kuugua hata mara moja.

Na hayo ni kama vyuo vyote vinalipa. Mwaka ule chuo kimoja, ambacho alikuwa na masomo mawili, hakikumlipa muhula mzima. Kilikuwa na deni lake la shilingi 108,000. Kwa miezi minne aliingiza 54,000 tu, ndiyo 13,500 kwa mwezi. Pamoja na mboga za mke wake ni 20,500, na matumizi ni 33,000. Kila mwezi walikuwa wanazama kwa 12,500. Walikopa dukani, wakakopa kwa simu, wakachelewesha kodi. Ndiyo sababu alikuwa hashiki simu ya nyumbani. Hakuwa na neno la kusema.

Kwa nini Kawangware?

Mama mwenyekiti aliuliza swali zuri: "Kwa nini mtu wa digrii mbili anakaa hapa?" Jibu ni kodi na nauli. Kawangware iko magharibi mwa jiji, ukivuka barabara unaingia mtaa wa matajiri wa Lavington. Wengi wa jirani zetu huamka alfajiri wakatembea kwa miguu kwenda kazini huko, kufua, kulinda na kujenga. Mwalimu naye akikosa nauli hufunga viatu vizuri akatembea kama wao. Angehamia mtaa wa nyumba za mawe zenye maji ndani, kodi peke yake ingemaliza mapato yake.

Lakini msidhani kwamba mtaa wa chini ni rahisi kwa kila kitu. Mtu mwenye pesa kidogo hununua kidogo kidogo, ndiyo hii biashara tunayoiita kadogo. Tuseme lita moja ya mafuta ya kupikia ni shilingi 300. Mwenye 300 mkononi anainunua. Asiye nazo ananunua kipimo cha shilingi 20 kila jioni. Kama lita moja inatoa vipimo 20, amelipa 400. Aliye na pesa kidogo ndiye aliyelipa zaidi. Ni hivyo hivyo kwa maji. Anayenunua kwa mtungi hulipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye mfereji na mita ndani ya nyumba. Kwa hivyo msilinganishe shilingi ya jijini na ya kijijini. Kule mboga iko nyuma ya nyumba, kuni ziko shambani, maji yako kisimani. Hapa kila kitu hicho kinataka shilingi, na kinaitaka leo.

Na aliyeajiriwa kabisa je?

Wapo waalimu wa vyuo walioajiriwa kwa kudumu, na hao hali yao ni afadhali. Lakini hata kwao, mshahara unaotajwa si mshahara unaofika mfukoni. Mnaelewa jambo hili kwa maziwa na majani chai. Bei ya kilo ni moja, na pesa unayopokea baada ya makato ni nyingine.

Tuchukue mfano wa mtu mwenye mshahara wa shilingi 100,000 kwa mwezi, kwa viwango vya mwaka 2025. NSSF inachukua 4,320. Mfuko wa afya, SHA, ulioshika nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, unachukua asilimia 2.75, yaani 2,750. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 1,500. Zinabaki 91,430, na hizo ndizo zinazotozwa kodi ya mapato, PAYE. Kodi hiyo, baada ya kupunguziwa ile nafuu ya 2,400 ya kila mwezi, inakuja karibu 19,812. Kwa hivyo kutoka laki moja, mtu huyu anapokea karibu shilingi 71,600. Zaidi ya robo imekwenda kabla hajaiona.

Sasa ongezeni mkopo wa ushirika aliochukua kulipia karo yake au kununua shamba. Sheria ya ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuitwa "mwenye laki" huku anapokea elfu thelathini na kitu tu. Mkimwona mtu kama huyo, msimcheke. Mwulizeni taratibu.

Pesa inayochelewa hupungua

Kuna jambo la tatu, na hili ndilo mwalimu wetu hufundisha darasani. Wataalamu wa uchumi hutofautisha mshahara wa jina na mshahara halisi. Wa jina ni ile tarakimu iliyoandikwa. Halisi ni unga, mafuta na nauli ambazo tarakimu ile inaweza kununua. Bei zikipanda na tarakimu ikabaki pale pale, mshahara umepunguzwa bila mtu kutia sahihi.

Wazee mnakumbuka mwaka 1993. Mwaka huo bei za vitu Kenya zilipanda kwa kadiri ya asilimia 46. Kitu cha shilingi 100 kikawa cha 146. Mtu ambaye mshahara wake haukuongezwa alipoteza karibu theluthi moja ya nguvu yake ya kununua kwa mwaka mmoja. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma wakitaka chama chao, UASU, kiandikishwe, ili wawe na mahali pa kusemea mambo yao. Chama chao cha mbele kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka 1980. Mgomo uliendelea hadi ndani ya mwaka 1994, serikali ikakataa, na viongozi wao wakapoteza kazi. UASU iliandikishwa mwaka 2003.

Siku hizi bei hazirukii juu namna ile. Benki Kuu ya Kenya ina lengo la kuweka mpando wa bei kati ya asilimia 2.5 na 7.5 kwa mwaka. Lakini hata asilimia 5, ambayo ni katikati, ikikaa miaka minane, kitu cha 100 kinafika karibu 148. Yaani yale ambayo 1993 ilifanya kwa mwaka mmoja, miaka minane ya asilimia tano inayafanya polepole, na mtu hapigi kelele kwa sababu haoni siku ilipotokea.

Kwa nini tunasema miaka minane? Kwa sababu mkataba wa makubaliano ya pamoja wa wahadhiri wa miaka 2017 hadi 2021 ulikuwa haujalipwa wote hata mwaka 2025. Wahadhiri na wafanyakazi wa vyuo vikuu vya umma waligoma tangu tarehe 17 Septemba 2025 hadi 5 Novemba 2025, siku 49, wakidai karibu shilingi bilioni 8. Walirudi kazini baada ya kukubaliana kwamba zilipwe kwa mafungu mawili. Shilingi iliyokuwa haki ya mtu mwaka 2017 ikimfikia baada ya miaka minane, haiwezi kununua kile ambacho ingenunua wakati ule. Tena wakati wa mgomo, mwanafunzi anakaa nyumbani, na mzazi kijijini anaendelea kulipa chumba cha mtoto ambaye hasomi.

Kazi ya ziada imekwenda wapi?

Wengine mtauliza, mbona zamani waalimu wa vyuo walikuwa na magari? Sababu moja ni masomo ya wanafunzi wa kujilipia. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mpango huo mwaka 1998, na vyuo vingine vikafuata. Waalimu walifundisha jioni na Jumamosi wakapata malipo ya ziada. Lakini katika mtihani wa KCSE wa 2016, baada ya serikali kuzuia wizi wa mitihani, waliopata C+ na zaidi walikuwa 88,929, wakati mwaka wa mbele yake walikuwa zaidi ya 160,000. Wachache hao waliweza kupewa nafasi za serikali karibu wote, wengine hata katika vyuo vya kibinafsi. Wa kujilipia wakapungua sana. Chuo kikapoteza mapato, na mwalimu akapoteza kazi ya jioni. Vyuo vingi vikabaki na madeni, na njia rahisi ya kupunguza gharama ikawa ni kutoajiri mtu wa kudumu na kumwita mwalimu wa saa.

Kikundi kifanye nini?

Hatusemi msiwaombe watoto wenu walioko mjini. Kusaidiana ni nguzo yetu. Tunasema mtumie hesabu kabla ya kutumia lawama. Haya ndiyo tuliyokubaliana na kikundi kile:

1. Ahadi si pesa. Kitabu cha mweka hazina kiwe na safu mbili, moja ya ahadi na moja ya pesa zilizopokelewa. Mipango ifanywe kwa safu ya pili tu. Kama kikundi kile kingefanya hivyo, amana ya 15,000 isingepelekwa.

2. Mwulizeni mtu maswali matatu: unapokea ngapi baada ya makato, unapokea lini, na wangapi wanakutegemea? Swali la kwanza liulizwe na mtu mmoja mwenye siri, si mbele ya mkutano wote.

3. Afadhali kidogo kinachokuja kila mwezi kuliko kikubwa cha siku moja. Shilingi 500 kwa mwezi ni 6,000 kwa mwaka.

4. Msimsukume mtu kukopa kwa simu ili atimize ahadi. Riba yake mtailipa ninyi pia, siku atakapoacha kushika simu.

5. Pokeeni ujuzi. Mtu anayejua hesabu za biashara anaweza kuwapa kitu ambacho hakikatwi kodi.

6. Kabla ya kutoa amana yoyote, andikeni na muuzaji itarudishwaje mkishindwa kumaliza.

Na ninyi mlioko mjini mkisoma gazeti hili, semeni ukweli mapema. Neno "sina kwa sasa" linauma siku moja. Kunyamaza kunaharibu jina kwa miaka.

Walivyomaliza

Mama mwenyekiti alirudi nyumbani na ile karatasi ya hesabu, akaisoma kwenye mkutano, mwalimu akiwa amekubali. Mwalimu anatoa shilingi 500 kwa mwezi, na aliahidi 5,000 siku ile chuo kitakapolipa deni lake. Hiyo imeandikwa katika safu ya ahadi. Likizo iliyofuata alikaa na mweka hazina siku mbili, wakapanga hesabu ya mashine: bei yake, mafuta, fundi, na kilo ngapi zisagwe kwa siku ili isile hasara. Wakagundua kwamba mashine waliyokuwa wanataka ilikuwa kubwa kuliko wateja wao. Sasa wanaweka akiba ya ndogo.

Ile amana ya kwanza haijarudi mpaka leo. Lakini mama mwenyekiti alituambia kwamba akipiga simu siku hizi, mwalimu anashika.

Maswali ya kujadiliana kikundini

Je, katika kitabu chetu kuna ahadi tulizoziandika kama pesa?

Nani kati ya watoto wetu wa mjini tumemlaumu bila kumwuliza?

Sisi wenyewe, bei tunayouza mazao na pesa tunayopokea mwishowe zinatofautiana kiasi gani, na tofauti hiyo inakwenda wapi?